Brashi ya Kiti cha Tatu

Jumamosi ya mwisho kabla shule hazijafunguliwa, kinyozi wa kiti cha tatu alizima mashine, akaichomoa kwenye soketi, akaitumbukiza kwenye mfuko wa aproni yake kama mtu anayeficha simu, akasema, "Huyu simnyoi."

Sasa ielewe siku yenyewe. Benchi la kusubiria lilitengenezwa kwa ajili ya watu watano na siku hiyo lilibeba tisa, wanne wakiwa wamekalia mapaja ya wazazi wao. Kila mtoto wa mtaa alitakiwa Jumatatu afike shuleni na kichwa kinachong'aa. Viti vitatu, mashine tatu, feni moja inayopeperusha nywele za huyu kwenye chai ya yule. Siku kama hiyo kinyozi hata chafya anaiahirisha. Na huyu anakataa kichwa.

Kichwa chenyewe kilikuwa cha binti wa miaka saba. Mama yake, fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, alimwita Kifungo tangu azaliwe, kwa sababu alikuwa mdogo, wa mviringo, na kila mara anatafutwa chini ya meza.

"Humnyoi kwa nini?" mama aliuliza. "Ameota pembe?"

"Ana mapunye."

Kama ungekuwepo ungeapa kwamba hata feni ilipunguza mwendo.

Ugonjwa huu una majina ya kutosha: wengine huuita mapunye, wengine mashilingi, wengine choa cha kichwa. Kwenye duka lile haukuwa na jina hata moja, kwa sababu haukuruhusiwa kuingia. Mwenye duka, ambaye wote walimwita Bosi, alikuwa na sheria aliyomfundisha kila kinyozi kabla hajamfundisha kushika mashine: humu ndani hakuna mapunye, kuna mba. Mtoto ana mabaka kama sweta lililoliwa na nondo? Mba kidogo. Kichwa kimevimba kinatoa maji? Mba, ila imekasirika. Neno mba lilikuwa ndiyo adabu ya kazi. Mteja haaibiki, kinyozi haulizwi swali, mashine inaendelea kunguruma.

"Mba," Bosi alisahihisha kutoka kwenye kiti chake cha plastiki mlangoni. Alilisema taratibu, kama mwalimu anayemkumbusha mwanafunzi herufi kubwa.

"Mba haikati nywele, Bosi. Mba inapukutika kichwa kizima. Hii ina mipaka." Kinyozi aligeuza kichwa cha mtoto kwenye mwanga, kwa vidole viwili. "Hapa nywele zimekatika usawa wa ngozi, zimebaki nukta nyeusi. Hapa pana magamba. Na hapa nyuma ya sikio, fundi, hebu mguse. Tezi. Hilo limevimba kwa sababu mwili unapigana."

Fundi cherehani hakugusa. "Kwani wewe daktari?"

"Hapana. Mgonjwa mstaafu."

Mtu mmoja kwenye benchi alicheka. Alikuwa fundi bomba, mteja wa kila Jumamosi ya pili, mtu ambaye angecheka hata kwenye kesi yake mwenyewe. Akatazamwa, akajifanya anakohoa.

"Saluti," Bosi alimwita kinyozi wa kiti cha kwanza, "mchukue wewe huyo mtoto."

Saluti, aliyeitwa hivyo kwa jinsi alivyompigia saluti kila aliyeingia, ghafla aligundua kwamba ndevu za mteja wake zilihitaji uangalizi wa hali ya juu. Akainama juu ya kidevu kile kama fundi saa. Hakusikia kitu.

Fundi cherehani alimvua mwanawe shuka la kunyolea kwa mkono mmoja. "Nimemleta mtoto anyolewe, naondoka na tangazo la mtaa mzima. Asante sana, dada. Mungu akuzidishie mdomo, maana huo ulionao haujatosha."

Walipotoka, Bosi aliinuka, akasogea mpaka kiti cha tatu, akasema kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia. "Binti yangu. Jumamosi ijayo, anayekaa kwenye kiti hiki ananyolewa. Awe na mba, awe na manyoya, awe na magome. Hutaki, aproni iache pale msumarini, kiti kitapata mtu."

"Nimekusikia, Bosi."

"Kusikia siyo jibu."

"Ndiyo maana sijakujibu."

Kinyozi huyu aliitwa Ramani. Jina halikutoka kwa wazazi, ingawa hata mama yake mzazi baadaye alilizoea. Lilitoka darasa la pili, mwaka ambao kichwa chake kilitoa mabaka saba na watoto wenzake wakaanza kuyapa majina ya nchi na maziwa. Waliketi nyuma yake wakisoma jiografia. Mwalimu, badala ya kuwakemea, alimhamisha yeye, akamweka peke yake karibu na dirisha, ambako mwanga ulikuwa mzuri zaidi na ramani ikaonekana vizuri zaidi.

Nyumbani kila aliyekuja kusalimia alikuwa na dawa, na hakuna aliyekuwa na kipimo. Mafuta ya taa. Ndimu. Majivu. Dawa ya mswaki, ambayo angalau ilinukia vizuri. Jirani mmoja, fundi wa magari, alileta maji ya betri kwenye kizibo na roho safi kabisa. Mwisho wake baka moja la utosini likavimba, likawa laini kama nyanya iliyoiva kupita kiasi, na kila mtu akakubaliana kwamba ni jipu. Mjomba akalipasua kwa wembe. Halikuwa jipu, usaha wa maana haukutoka. Ilikuwa ni kichwa kinapambana na ugonjwa, na dawa yake haikuwa wembe. Kidonda kilipopona kiliacha kovu la ukubwa wa kifuniko cha soda, na hapo nywele hazijaota mpaka leo.

Alipofika miaka kumi na mbili shangazi yake alimnunulia kitambaa kizuri cha kufunika. Ramani alikikunja, akakirudisha, akaazima mashine ya mjomba yuleyule, akaketi mbele ya kioo na kunyoa kichwa chote. "Kama ni upara," alimwambia shangazi, "uwe wote, na uwe wangu." Hivyo ndivyo alivyojifunza kazi. Kichwa cha kwanza alichonyoa kilikuwa chake, na hakikumlalamikia.

Alizunguka maduka matano akiomba kiti. Kwenye manne walimwambia aende akasuke. La tano lilikuwa la Bosi. Alikaa, akainua kidevu, akamwonyesha ndevu zake. Ramani alipomaliza kuzinyoa, Bosi alijipapasa shavu, akafungua droo, akatoa brashi.

Hiyo brashi ndiyo yenye kisa. Ilikuwa ya mpini wa mbao, nywele zake laini kama shavu la mtoto mchanga. Bosi alimfundisha: unaichovya kwenye poda, unapiga mara tatu. Ya kwanza nyuma ya shingo, kutoka juu kwenda chini. Ya pili sikio la kulia. Ya tatu sikio la kushoto, na unamalizia kwa kuipitisha utosini, kama baraka. Wateja walifumba macho. Wapo waliopita viti viwili vilivyo wazi wakasubiri cha tatu kwa sababu ya brashi tu. Miaka minne Ramani aliipiga, na kila jioni aliikung'uta mlangoni na kuitundika msumarini, karibu na kile kisanduku cha taa ya bluu cha kuwekea mashine, ambacho kazi yake kubwa ilikuwa wateja waone kwamba vijidudu vinauawa.

Jumatatu asubuhi alivuka barabara.

Fundi cherehani alimwona akaongeza mwendo wa cherehani. Ramani akasubiri mpaka mshono ukafika mwisho wa kitambaa, kwa sababu hata hasira haishoni hewa.

"Umekuja kunikagua na mimi kichwa?"

"Nimekuja tuongozane zahanati."

"Nina marhamu. Hii tyubu ya tatu."

"Na baka limepungua?"

Chini ya meza, Kifungo alikuwa anapanga vipande vya vitambaa kwa rangi, amevaa kofia ya sufu kwenye joto lile.

Ramani aliinama mbele ya meza, akamwinamishia yule mama kichwa. "Weka kidole hapo. Weka tu, hakiumi. Wangu walinipaka kila kitu isipokuwa lami. Walinipenda, fundi. Hilo shimo ni la upendo."

Fundi aliweka kidole. Kisha akachukua ufunguo.

Tabibu wa zahanati alikuwa kijana mwenye kalamu tatu mfukoni na hakuna hata moja iliyoandika. Alimvua Kifungo kofia, akaangalia, akabonyeza nyuma ya sikio, akakwangua magamba kidogo kwa ukingo wa kioo kuyatia kwenye karatasi, aking'oa na vijiti viwili vitatu vya nywele zilizokatika.

"Ni minyoo?" mama aliuliza.

"Hakuna mnyoo wala mdudu. Ni fangasi. Ndugu zao ni wale wanaoota kwenye mkate uliosahaulika."

"Mbona nampaka na hawatoki?"

"Unapaka ngozi, mama. Wao wamejichimbia ndani ya unywele, mpaka kwenye shina. Marhamu haifiki huko. Dawa lazima ipitie tumboni, iingie kwenye damu, ikutane nao unywele unapoota." Alijaribu kalamu ya kwanza, akaiweka. "Vidonge, kila siku, kwa uzito wake. Wiki sita mpaka nane. Ale na kitu chenye mafuta: maziwa, yai, karanga, parachichi. Akinywa tumbo tupu, dawa inapita tu kama mgeni asiyekaribishwa."

"Nywele zikianza kuota naacha?"

"Hapo ndipo watu wanapofurahi mapema. Zikiota, unaendelea. Mwenye kusema basi ni mimi, baada ya kumwona tena." Kalamu ya pili. "Na shampuu ya fangasi, mara mbili kwa wiki, nyumba nzima. Peke yake haiponyi, ila inapunguza mbegu za fangasi anazomwaga. Wanaolala naye wakaguliwe vichwa. Kitana, kofia, taulo, mto, kila mtu na chake. Mna paka?"

"Hatuna, na panya wametuzidi."

"Mkimpata, akinyonyoka manyoya mpelekeni kwa daktari wa mifugo. Naye hubeba. Na likivimba likawa kama jipu, msipasue. Mleteni hapa."

Ramani alitazama ukutani.

"Na shule?" mama aliuliza, sauti imeshuka. "Ndiyo hivyo, asiende?"

"Akishaanza dawa aende. Wala si lazima umnyoe." Kalamu ya tatu iliandika nusu ya neno. "Ananyolewa wapi?"

"Kwangu," Ramani alisema, kifua mbele. "Kiti cha tatu. Na kabla hujauliza, mashine yangu naitoa nywele kwa mswaki mpaka kwenye mizizi ya meno, ndiyo naifuta na spiriti, naiacha ikauke yenyewe. Kila kichwa. Njoo ukague saa yoyote."

"Vizuri. Na brashi?"

"Brashi gani?"

"Ile ya kufutia shingo."

Ramani alifungua mdomo na jibu lilikuwa tayari. "Brashi haina meno," alisema. "Haikwaruzi mtu."

"Haihitaji kukwaruza. Inabeba nywele zilizokatika na magamba, inavipeleka kwenye kichwa kibichi, kilichotoka kunyolewa sasa hivi."

"Mimi wenye mapunye siwanyoi. Muulize huyu mama jinsi ninavyowafukuza."

"Unawafukuza unaowaona. Kuna watoto wanabeba na kichwa hakionyeshi kitu." Tabibu hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuudhi Ramani. "Siwezi kuapa kuwa ni brashi. Anaweza kuwa alipata kwenye kofia ya mwenzake. Ila huyu ni mtoto wa nne wa mtaa wenu mwezi huu, na wote niliwauliza swali hilihili."

"Wakasema wapi?"

"Kiti cha tatu."

Fundi cherehani aligeuka polepole. "Kwa hiyo," alianza.

"Kwa hiyo ndiyo," Ramani alisema.

Njiani Kifungo alitembea katikati yao, ameshika vidonge vyake kama cheti.

Siku hiyohiyo Ramani aliitoa brashi msumarini, akaiangalia kwa mwanga wa dirisha. Katikati ya zile nywele laini, kule poda ilikogandamana, kulikuwa na vinywele vifupi vya watu ambao hakuweza kuwahesabu. Alikumbuka mwendo wa mkono wake: shingo, sikio, sikio, utosi. Kama baraka. Angependa kulia lakini alikuwa na mteja, na isitoshe alikuwa na hasira, na hasira kwake siku zote ilikuwa inapanga foleni mbele.

Jumanne, kabla duka halijafunguliwa, alimwambia Bosi.

Bosi alisikiliza yote huku akifagia. Alikuwa na tabia ya kufagia anapoogopa. "Itupe," alisema mwisho. "Nikununulie nyingine, uwe unaiosha. Yamekwisha."

"Na hao wanne?"

"Si wamepata dawa?"

"Na wa tano, ambaye mama yake bado anamkanda na mafuta ya taa kwa sababu sisi tulimwambia ni mba?"

"Binti yangu, nina miaka kumi na tisa hapa. Watu wananiletea watoto wao kabla hata hawajawapa jina. Ukisimama ukasema duka hili linagawa mapunye, kesho nitanyoa viti."

"Sisemi duka. Nasema brashi yangu."

"Brashi nilikupa mimi." Ufagio ukasimama. "Mlango nilikufungulia mimi, siku wenzangu walikuambia ukasuke."

"Ndiyo maana nimekuambia wewe kwanza."

Bosi akarudi kufagia mahali palipokwisha fagiliwa. "Jumamosi," alisema. "Neno langu unalijua."

Jumatano hadi Ijumaa Ramani alinyoa bila brashi. Wateja waliinamisha shingo, wakafumba macho, wakasubiri, wakafumbua. Mmoja aliuliza kama poda imepanda bei. Aliwaambia wasubiri Jumamosi, na habari ya kusubiri Jumamosi ilitembea mtaani vizuri kuliko tangazo lolote la serikali. Fundi cherehani hakuonekana. Cherehani yake ilisikika tu, inakwenda tangu asubuhi, mshono mfupimfupi, inasimama, inaanza.

Jumamosi benchi lilikuwa na kumi na moja. Wengine hawakuwa hata na nywele; walikuja kusikiliza. Ramani aliingia bila aproni. Alisimama kando ya kiti cha tatu, brashi mkononi, akasema kwa sauti ya mtu anayetangaza jina lake.

"Ninyi mnanijua. Nimewapiga hii brashi miaka minne. Nilikuwa naikung'uta, sikuwa naiosha, na nilikuwa naitoa shingo hii naipeleka ile. Watoto wanne wa mtaa huu wana mapunye, wote wamewahi kukaa kwenye kiti hiki. Tabibu hawezi kuapa. Mimi naona aibu ya kusubiri aape. Mwenye mtoto aliyekaa kwenye kiti hiki, amkague kichwa leo. Akiona nywele zimekatika, magamba, baka, aende zahanati. Asipake kitu."

Fundi bomba, nani tena kama si yeye, akajikuna shingo. "Kwa hiyo miaka minne ulikuwa unanipaka fangasi na poda juu?"

"Ndiyo. Na ulikuwa unasema asante."

"Nilisema asante kwa ukarimu." Watu wakacheka, cheko la wasiwasi. "Lakini Ramani, mimi mkubwa, nina upara nusu. Mtoto nikimpaka marhamu ya nguvu, si inatosha?"

"Wewe bomba likiziba kwa ndani, unapaka rangi kwa nje?"

Fundi bomba akafikiri, kwa sababu ilikuwa kazi yake. "Sipaki."

"Basi. Ni vidonge, na ni wiki nyingi, na usiache ukiona maji yameanza kutoka."

Mzee mmoja aliinuka akatoka na mjukuu wake bila kuaga. Mama wawili walimfuata. Mlangoni mmoja alisema, "Uchafu," bila kugeuka, na Ramani alilipokea neno lile bila kulijibu, maana lilikuwa na haki yake.

Bosi aliinuka kwenye kiti cha plastiki. Uso wake ulikuwa wa kijivu. "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi toka kwenye kiti changu."

Ramani alikiangalia kile kiti: ngozi iliyopasuka upande mmoja akaiziba kwa gundi, kikanyagio alichokilaza kwa wafupi na kukiinua kwa warefu. Akaiweka brashi mezani, akazunguka, akakaa. Akajifunga shuka la kunyolea mwenyewe, akafunga shingoni.

"Nimesema toka."

"Aproni ipo msumarini, Bosi, kama ulivyotaka. Mimi leo ni mteja. Na wewe ulisema, mbele ya watu, anayekaa kwenye kiti hiki ananyolewa." Alitandaza mikono kwenye egemeo. "Ninyoe. Ukimaliza, nipige brashi. Ile pale, sijaiosha. Mara tatu, kama ulivyonifundisha."

Hakuna aliyejikuna. Saluti aliisimamisha mashine yake katikati ya kichwa cha mtu, akamwacha nusu msitu nusu uwanja.

Bosi angeweza kumvuta mkono. Angeweza kufunga duka. Lakini ni mtu wa kazi, na mtu wa kazi akipewa kichwa mbele ya macho kumi na manane, mkono unakwenda wenyewe. Alichukua mashine, akaiwasha, akaanza kwenye kisogo. Hakuwa amemnyoa mtu kwa muda mrefu, na bado alikuwa mzuri. Mashine ilipita bila kurudi mara mbili. Alipofika utosini akakutana na lile kovu, na akapunguza mwendo, akalizunguka kama mtu anavyolizunguka kaburi uani.

"Hili," alisema, nusu kwa nafsi yake, "nalo walikuambia ni nini?"

"Jipu. Kabla ya hapo mba."

Mashine ikazimwa. Na hapo mkono wa kulia wa Bosi, bila kumuuliza mwenyewe, ukaenda kwenye brashi. Miaka kumi na tisa ya mazoea. Ukaishika mpini, ukaichovya kwenye poda, ukapanda mpaka nyuma ya shingo ya Ramani iliyotoka kunyolewa sasa hivi, ngozi bado ina joto la meno ya mashine. Ramani hakusogea. Hakufumba macho, alimtazama kwenye kioo.

Brashi ilibaki hewani. Poda ikadondoka kidogo begani.

"Piga, Bosi," Ramani alisema kwa upole. "Ni mba tu."

Bosi aliishusha. Akaiweka mezani, taratibu, kama kitu kinachoweza kuamka. Akatafuta cha kumfutia shingo, akapapasa mfukoni, hakuna kitu, akabaki na mikono mitupu katikati ya duka lake mwenyewe.

"Shika," sauti ikatoka mlangoni.

Fundi cherehani alikuwa amesimama pale na furushi, Kifungo nyuma yake bila kofia. Alifungua furushi mezani: vitambaa vidogo vya mraba, vya kila rangi iliyowahi kubaki kwenye meza ya fundi, vimekunjwa pindo pande zote nne. Vilikuwa mia na kitu.

"Kichwa kimoja, kitambaa kimoja," alisema. "Kikishatumika kwenye ndoo, kichemshwe, kianikwe juani. Usinitazame hivyo, Ramani. Sijakusamehe. Nimekuletea kazi."

"Sijaomba msamaha bado."

"Nasubiri. Nina muda, nashona."

Bosi alichukua kitambaa cha juu, cha maua ya njano, akamfuta Ramani shingo, sikio, sikio, utosi. Akakitupia kwenye ndoo.

Ndipo mtu wa mwisho wa benchi, baba mmoja mlinzi, aliinuka na mtoto wake mkononi. Akapita kiti cha kwanza, akapita cha pili, akasimama mbele ya Bosi mwenyewe. Akamvua mtoto kofia. Juu ya sikio la kushoto palikuwa na baka, na ndani ya baka nukta nyeusi.

"Wiki iliyopita uliniambia ni mba kidogo," mlinzi alisema. "Nimempaka. Niambie tena, nisikie vizuri. Ni nini hii?"

Bosi aliinama. Aliangalia kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kuangalia kichwa chochote. Akapitisha kidole nyuma ya sikio, akakutana na lile tezi, kidole kikasimama. Alimtazama Ramani, ambaye alikuwa bado amekaa amefungwa shuka, na Ramani hakumsaidia hata herufi moja.

"Mapunye," Bosi alisema, kwa shida, kama mtu anayetoa mfupa wa samaki kooni. "Ni mapunye. Siyo mba. Mpeleke zahanati, usimpake kitu, vidonge mpaka tabibu aseme basi."

Kisha akaenda msumarini, akaichukua aproni, akamrushia Ramani mapajani.

"Ukikaa huko kama mteja mpaka jioni," alisema, "watu watanyolewa na nani?"

Ramani alifungua shuka, akalikung'uta kwenye ndoo, akavaa aproni. Akachukua mswaki, akaanza kutoa nywele zake mwenyewe kwenye meno ya mashine, jino kwa jino, bila haraka, huku benchi zima likimtazama. Alipomaliza kuifuta na spiriti, akaiacha ikauke.

Fundi bomba ndiye aliyeinuka. Akakaa kiti cha tatu, akainamisha shingo, akachagua kitambaa cha bluu kutoka kwenye furushi akakishika mwenyewe.

"Nitakuwa nakiangalia hiki," alisema. "Kikiguswa na kichwa kingine naleta kesi."

"Inamisha kichwa," Ramani alisema.